Kinu cha Biasha na Jua Lililoumwa

Mkono wa kushoto wa bibi yangu Biasha ulivunjwa kwa mchi wa kutwangia mpunga, mwaka wa vita vya Maji Maji, na aliyeuvunja alikuwa shoga yake wa tangu utotoni. Naanza na mkono kwa makusudi. Watu wa kwetu wakimsimulia Biasha huanza na jua, wakakaa kwenye jua hilo mpaka kahawa ikaisha, na mkono hawautaji. Mimi ni mjukuu wake, na adabu hiyo ya kuruka mambo sikufundishwa.

Alizaliwa upande wa Mtunda, huku chini ambako Rufiji inaanza kujigawa vijito na vijito kabla ya kufika baharini. Hakuwa mganga, hakuwa mke wa jumbe, wala hakujua kusoma. Alikuwa mtwangaji. Ukicheka, ni kwa sababu umezaliwa zama za mashine. Wakati ule mpunga wote ulioliwa kijijini ulipita mikononi mwa wanawake, na mikono ya Biasha ilisifiwa hadi Chumbi.

Kila mwanamke alikuwa na mapigo yake kinuni, na jirani aliyajua bila kuchungulia. Ya Biasha yalikuwa mawili ya haraka na moja zito. Mwanawe wa pekee, Tamimu, alipokuwa mdogo akifukuza ndege shambani, akikaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, mama yake hakujisumbua kumwita kwa kinywa. Alipiga kinu, mawili ya haraka na moja zito, na mtoto akateremka ngazi akaja kula. Shoga yake Tatu aliishi ua wa pili. Walitwanga pamoja kwenye kinu kimoja, mchi wa huyu ukipanda wa yule ukishuka, miaka ishirini bila kugongana. Mwana wa Tatu, Muhidini, alikuwa rika la Tamimu, wakatahiriwa siku moja.

Sasa niseme habari ya jua.

Kwetu jua likipatwa, wanawake walipiga vinu. Wahenga walisema chatu amelimeza, na vinu vya kijiji kizima vikilia kwa pamoja atashtuka aliteme. Walimu wa chuo cha Kurani hawakuyapenda maneno hayo. Walisema jua na mwezi ni ishara za Mungu, watu waende msikitini wakaswali swala ya kusufi, ambayo ni ndefu na ina rukuu mbili katika kila rakaa. Basi wanaume waliswali, wanawake wakapiga vinu, jua likarudi kila mara, na kila upande ukajisifu.

Lakini Biasha alirithi jambo jingine kwa bibi yake, ambalo wanaume hawakulijali kwa kuwa lilisemwa kinuni. Jua halipatwi kwa namna moja. Kuna la kumezwa, kuna la pete, kuna la kuumwa.

La kumezwa lilionwa na bibi wa bibi yake, zama misafara ya watumwa ikishuka pwani. Mchana uligeuka usiku mtupu, nyota zikatoka, kuku wakapanda kulala. Watu walikanyagana wakikimbilia mtoni, na mama mmoja aliyemwacha mwanawe jikoni alirudi akamkuta ameangukia moto. Msafara mmoja ulikuwa ukipita kijijini saa hiyo. Msimamizi wake, kwa kuogopa watumwa wasimtoroke gizani, aliwakata wawili kwa panga wakiwa bado kwenye mnyororo. Jua lilipotoka likawakuta wenzao wamesimama na maiti shingoni, maana mnyororo ulikuwa mmoja. Jua la namna hiyo, bibi yake alimwambia, si wengi wanaoliona, na anayeliona halioni mara mbili.

La pete alilishuhudia bibi yake mwenyewe akiwa mwari. Weusi uliingia katikati ya jua ukabakiza duara la moto pembeni, ungedhani kifuniko kidogo kimewekwa juu ya chungu kikubwa. Mwanga ulipauka, watu wakaonana kama wagonjwa, lakini nyota haikutoka hata moja. Kaka yake alilikodolea macho mpaka mwisho, na tangu siku hiyo akawa anaongozwa kwa fimbo. Ndiyo sababu Biasha alifundishwa kulitazama jua ndani ya beseni la maji.

La kuumwa ndilo la mara nyingi. Hadi vita vinafika Biasha alikuwa ameyaona mawili. La pili lilikuja asubuhi moja, miaka saba kabla ya vita. La kwanza lilikuja alasiri ile aliyomzaa Tamimu. Jua liliumwa zaidi ya nusu, vinu vinalia kijiji kizima, naye yuko chini anasukuma. Alichokishika akilini ni kimoja tu: mkunga alikata kitovu bila kuomba taa. Bibi yake, aliyekuwa amemshika mgongo, akamwambia aliweke hilo akilini. Jua likibaki hata ukucha, mchana ni mchana.

Nilipokwenda shule nikaambiwa kwamba ni mwezi unaopita mbele ya jua. Ukiwa karibu hulifunika lote, ukiwa mbali huonekana mdogo ukaacha pete, na ukipita upande huliuma. Na hilo hilo moja laweza kuwa la kumezwa kwa watu wa nchi moja na la kuumwa kwa wa nchi nyingine. Nikaambiwa lipo hata la nne, linaloanza kama pete na mbele ya safari likawa la kumezwa. Nikamkimbilia bibi na la nne langu. Akasema hilo hajaliona na hana haja nalo, matatu yalitosha kummaliza.

Mdachi alipoleta pamba, aliwaleta na watu wa kuisimamia. Kila kijiji kililimishwa shamba la pamba la serikali, na juu ya majumbe akawekwa akida, mtu wa mbali aliyevaa kanzu nyeupe na kuandamana na askari. Babu yangu Dadi, mume wa Biasha, aliacha kwenda pambani siku tatu kwa kuwa mpunga wake ulikuwa unaliwa na nguruwe. Walimlaza kifudifudi kwenye pipa wakamchapa hamsa ishirini, fimbo ishirini na tano za kiboko. Kesho yake hakuweza kusimama, wakasema amegoma, wakamrudia palepale juu ya vidonda. Alikufa siku ya sita mgongo umeoza. Biasha alimwosha mwenyewe, maana sheria inamruhusu mke, na Tamimu akashika chombo cha maji. Ubavuni mfupa ulikuwa unaonekana. Kijana aliutazama, akamimina maji.

Kwa hiyo aliposhuka Sadallah kutoka milima ya Umatumbi na kibuyu chake, Tamimu alikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa. Sadallah alikuwa hongo, mjumbe wa ile dawa ya maji iliyotoka Ngarambe. Aliwanyunyizia vijana maji, akawanywesha, akawafunga mabua ya mtama kwenye paji la uso, akawaambia risasi za Mdachi zitageuka maji. Muhidini naye akanyweshwa. Walikatazwa kulala na wake zao na kupora mali ya mtu. Walitazamwa na mama zao wakicheza ngoma ya vita, na niseme kweli, mama zao walifurahi. Biasha alifurahi. Alitaka akida afe, na hakuficha mpaka anakufa kwamba alitaka afe polepole.

Shida ililetwa na barua. Mwalimu wa chuo, Bwanaheri, alikuwa na rafiki Unguja aliyesoma falaki, elimu ya nyota. Rafiki huyo aliandika kwamba tarehe ishirini na tisa ya Jumadal Akhiri, baada ya alasiri, jua litapatwa, na kupatwa kwake ni kamili. Bwanaheri aliisoma msikitini ili watu wajiandae kwa swala. Hakuwa na nia mbaya. Lakini Sadallah alikuwapo siku hiyo, na aliposikia neno kamili akaona mlango umefunguliwa.

Kambi ya pamba ilikuwa ng'ambo ya kijito, Mdachi mmoja na askari thelathini, pamoja na ile bunduki yao inayotema risasi bila kupumua, watu wakaiita bombom. Mbele yake palikuwa na shamba tupu lililokwisha kuchumwa, hatua mia nne bila kichaka. Hapo ndipo dawa ilipokuwa inawatia watu mashaka, ijapokuwa hakuna aliyethubutu kusema. Sadallah akapanga hivi: jua likianza kuliwa, vijana watoke kwenye matete waingie uwanjani kwa mwendo wa kawaida. Wakifika katikati, giza litakuwa limeshuka, bombom haitajua ipige wapi. Na ili chatu asilitapike jua mapema, siku hiyo ni mwiko kupiga kinu. Kila mwanamke akipindue kinu chake, mdomo chini. Atakayepiga amewaua watoto wa wenzake.

Hapo Biasha akamkumbuka mkunga. Alimwendea Mwalimu Bwanaheri kibarazani, akakaa chini kwa heshima, akamwuliza hilo kamili ni kamili wapi. Mwalimu akauliza maana ya swali. Akamweleza ya bibi yake, la kumezwa na la pete na la kuumwa, akamweleza na ya mkunga. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho kwa upole, na upole wake ndio uliomkera.

"Jua ni moja, Biasha," akasema. "Likipatwa limepatwa. Hawa waliopiga hesabu si watu wa kinuni."

Kujibizana naye kulikuwa kutwanga maji kwenye kinu. Akaondoka akamtafuta mwanawe. Tamimu alikuwa ananoa mkuki. Alimwambia kwamba siku aliyozaliwa jua liliumwa zaidi ya nusu na mkunga hakuhitaji taa, na kwamba kama litakuwa la namna ile, watauawa uwanjani mchana kweupe.

"Mama, mimi nilishika maji ya kumwoshea baba," akasema Tamimu. "Usinieleze habari za mkunga."

Uchungu wa mwana aujua mzazi. Biasha alirudi nyumbani akakipindua kinu chake kama walivyofanya wengine, akakaa juu ya hofu yake siku tisa.

Siku yenyewe ilikuwa safi, haina wingu. Wanaume wazee waliswali alasiri wakabaki msikitini. Wanawake walikaa majumbani. Biasha aliweka beseni la maji uani, akachuchumaa. Kutoka uani kwake, ng'ambo ya kijito, uwanja wa pamba ulionekana wote, na kambi juu ya mwinuko.

Jua lilianza kuumwa upande mmoja, weusi mdogo kwenye maji ya beseni. Ng'ambo matete yakatikisika, vijana wakatoka. Walikuwa karibu mia mbili, mabua ya mtama kwenye vipaji, wachache na magobore, wengi na mikuki. Walitembea kama walivyoagizwa, hawakukimbia, nyuso zao wameziinua juu. Askari kambini hawakupiga risasi. Walikuwa wanangoja waingie vizuri.

Biasha alitazama beseni, akatazama uwanja, akatazama beseni. Weusi ulikua ukafika upana wa kidole. Ukasimama. Akahesabu pumzi zake, na weusi ule haukuongezeka, kisha, akiwa ameinamisha uso karibu na maji, akauona unaanza kurudi nyuma. Mchana ulikuwa mchana. Kuku walikuwa wanaparua. Jua lingeumwa kiasi hicho tu na basi, na vijana walikuwa katikati ya uwanja wakilingoja giza.

Hakuwaza kijiji. Aliniambia mwenyewe na simtetei: hakuwaza mwana wa mtu mwingine hata mmoja. Alikipindua kinu kikasimama, akashika mchi, akakipiga kikiwa kitupu. Kinu kitupu hulia sana. Mawili ya haraka na moja zito. Mawili ya haraka na moja zito.

Sauti ilivuka kijito. Tamimu alikuwa safu ya tatu, bega kwa bega na Muhidini. Miguu yake iligeuka. Alikuwa amekwisha kukimbia hatua ishirini kuelekea matete ndipo akajua kwamba anakimbia, na vijana kumi na wawili waliokuwa nyuma yake, wakimwona anarudi, nao wakarudi. Wengine wote walisimama kusikiliza kinu kile cha mwiko, wakainua macho, wakaona jua linarudi zima. Hapo bombom ikafungua.

Sitaipamba. Iliwafyeka kuanzia kushoto kwenda kulia kama mtu anayefyeka majani, kisha ikarudi kulia kwenda kushoto. Waliokuwa mbele walipiga kelele za Maji Maji na kukimbilia kambini, na kumi hivi walifika kwenye ua wa miti wakachomwa kwa singe. Askari mmoja alipigwa mkuki wa koo. Akida, aliyekuwa amejificha nyuma ya magunia ya pamba, hakupata hata mkwaruzo. Muhidini alipigwa tumboni. Alikaa chini akajishika utumbo kwa mikono miwili, akamwita mama yake, na Tatu, aliyekuwa uani kwake ng'ambo ya kijito, alimwona mwanawe amekaa lakini hakuweza kusikia anachosema. Askari walipotoka kumalizia majeruhi, walimfikia yeye karibu mwisho.

Biasha alikuwa bado anapiga. Hakujua kuacha. Tatu alipita penye uwazi wa ua akiwa na mchi wake mkononi, ule ule waliotwangia pamoja miaka ishirini. Hakumtukana. Alimpiga kichwani, Biasha akakinga kwa mkono wa kushoto, mfupa ukakatika juu ya kiwiko, wakausikia wote wawili. Akampiga tena mkono ule ule ukiwa chini juu ya ukingo wa kinu. Wanawake wengine wakaingia, huyu na jiwe, yule na kuni. Walimpiga mpaka wakadhani amekufa. Aliyemvuta akamfungia ndani alikuwa Tatu, na hadi leo hakuna anayejua ni kwa huruma au kwa kuogopa damu.

Sadallah aliokoka, maana alibaki kwenye matete na kibuyu chake. Alipita kijijini jioni ile akasema dawa haikuwa na kosa, jua lilikuwa linamezwa vizuri, kinu ndicho kilichomshtua chatu. Kila aliyepoteza mwana aliyapokea maneno hayo. Yalikuwa mepesi kubeba kuliko kweli.

Siku ya tatu askari walivuka kijito. Walichoma nyumba, walichoma madungu, walichoma mpunga wa ghalani, ule ambao ungewafikisha watu mavuno mengine. Wazee watano walipigwa risasi mlangoni mwa msikiti. Mwalimu Bwanaheri alikutwa na ile barua kwenye kanzu, wakamleta penye uwanja na kamba shingoni. Akida aliijua hati ya Kiarabu. Akaifungua barua akaisoma kwa sauti mbele ya waliobaki, akicheka, na Biasha alikuwapo, mkono umefungwa kwa kipande cha kaniki. Barua ilisema kupatwa kutakuwa kamili kwa watu wa Misri na nchi za huko. Kwa watu wa huku kusini, iliandikwa chini, ni kidogo kama si hakuna. Mwalimu alikuwa ameyasoma maneno hayo, akayaona ya ziada, kwa kuwa jua ni moja. Akafumba macho. Wakamvuta juu mtini, na kwa kuwa tawi lilikuwa la chini, alichukua muda mrefu.

Kwa hiyo kweli ilisemwa hadharani, siku ya tatu tu, na watu wakaisikia. Lakini ilisemwa na akida. Nani angeiamini? Hata Biasha, aliyekuwa anajua toka mwanzo kuwa ndivyo, aliona aibu kutetewa na kinywa kilichomuua mumewe.

Njaa ya mwaka uliofuata iliua wengi kuliko bombom. Tatu alifia porini, kwenye mizizi waliyokuwa wakichimba. Wanawake waliobaki hawakuwa na nguvu, basi aliyemwosha alikuwa Biasha, kwa mkono mmoja, akimgeuza polepole. Nilimwuliza kama alimsamehe. Akaniambia maiti haiombi msamaha, inaomba maji.

Tamimu alijificha mikokoni karibu miaka miwili na wale kumi na wawili, wakila kaa na samaki wabichi kwa kuogopa moshi. Wanne walikufa kwa homa. Aliporudi alimkuta mama yake anajenga upya palepale, mkono wa kushoto umejishika vibaya, haunyooki wala haunyanyui. Alisimama mbali.

"Miguu yangu ilikusikia kabla sijakusikia mimi," akasema. "Wenzangu walibaki. Usiniite tena."

Na hakuitwa tena. Alijenga nyumba yake ua ule ule, mlango ukitazama upande wa pili. Msiseme alimtupa. Alimwezekea paa, alimletea samaki, alimwoa mama yangu Mwanaamina kwa kumwomba Biasha ridhaa kupitia kwa jirani. Lakini chakula cha mama yake hakukigusa, na neno mama halikutoka kinywani mwake. Mama yangu alipika vyungu viwili kila siku, akampelekea mkwewe chake. Mapema kabisa aliambiwa asitie swali. Kinu cha Biasha, kimeungua upande mmoja, kilikuwa kimelala ubavu penye ua, kuku wakitagia ndani. Kijijini kwetu hakuna mwanamke aliyepiga kinu tena kwa ajili ya jua. Ikapita miaka ishirini. Mdachi akaondoka, Mwingereza akaja akafungua ofisi yake Utete, kodi ikabaki.

Nilimwuliza bibi kama aliwahi kujuta. Nilikuwa mkubwa, nina watoto, ndiyo maana nilithubutu. Akasema alimtaka mwanawe hai, hakumtaka mwenye shukrani, na Mungu alimpa alichoomba, hakumwongezea. Kisha akalia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Halafu jua likapatwa tena. Mimi nilikuwa sijazaliwa, nasema niliyoambiwa na mama yangu, na mama hakuwa mtu wa chumvi. Ilikuwa asubuhi ya kiangazi kifupi, mwezi Januari, jua halijawa kali. Tamimu alikuwa kibarazani anashona wavu. Biasha alikuwa uani na beseni lake la maji, mzee sasa, peke yake.

Liliumwa. Likaumwa nusu, likapita nusu, likaendelea kuliwa mpaka likabaki nyembamba, ukucha wa mtu. Lilikuwa limeliwa zaidi sana kuliko lile la vita. Ubaridi kidogo uliingia na mwanga ukapauka. Watu walisimama milangoni. Kinu hakikulia hata kimoja, kijiji kizima kimya.

Na Tamimu kibarazani alikuwa ameishiwa uzi kwenye sindano. Kwa mazoea tu alilowesha ncha ya uzi mdomoni, akaielekeza, akaipitisha kwenye tundu. Ikapita mara ya kwanza. Ndipo mikono yake ikasimama. Mama yangu anasema aliitazama sindano ile, akainua macho akautazama uwanja, ng'ambo ya kijito, ambako sasa ni pori, akaona kila jani. Jua lilikuwa ukucha, na angeweza kumhesabu mtu mmoja mmoja kutoka pale mpaka kwenye mwinuko. Jua likaanza kujaa, lenyewe, bila mtu kulipigia chochote.

Aliweka wavu chini, akazunguka nyumba, akavuka ua. Miaka ishirini hakuwa ameuvuka kwa upande ule. Mama yake hakuinua uso kwenye beseni.

"Mama," akasema. "Mpunga upo?"

Biasha alilisogeza beseni kando.

"Mpunga upo," akajibu. "Mtwangaji ndiye hayupo."

Tamimu akaenda penye ua, akawafukuza kuku, akakinyanyua kinu, akatoa mayai akamkabidhi mke wake, akakung'uta majani. Akamimina mpunga. Kwetu mwanamume hatwangi, na asubuhi ile njia yote ilikuwa na watu waliotoka kutazama jua. Walisimama wakamtazama yeye. Mchi ulimkataa, punje ziliruka nje, akapiga ukingo, akapiga hewa, jasho likamtoka na machozi yakamtoka, hakujifuta. Wajane wa vita walikuwa pale, na wazazi, na hakuna aliyecheka. Kisha mikono ikakumbuka jambo ambalo masikio yalilijua tangu utotoni. Mawili ya haraka na moja zito.

Biasha aliupika mchele ule mwenyewe kwa mkono wake mmoja, akampakulia. Mama yangu anasema wali ulijaa pumba na chenga, na waliumaliza wote.